Huduma ya bure mtandaoni ikitangaza kufungwa: toa vyombo kwanza, malalamiko yafuate

Picha za harusi ya dada yangu zilikuwa zaidi ya mia nne. Nilizipandisha zote kwenye tovuti moja ya bure ya kuhifadhia picha, nikafuta za kwenye kamera ili kadi ipate nafasi, nikalala usingizi. Miaka ikapita. Mama alipofariki tukazikumbuka, kwa sababu ndani yake ilikuwamo picha yake nzuri kuliko zote: amekaa mkekani, mikono ina hina mpaka karibu na viwiko, anacheka na mtu ambaye kwenye picha haonekani. Nilipofungua tovuti nikakuta mistari mitatu tu, ikisema huduma ilishafungwa na mafaili yote yameshafutwa. Tangazo lilikuwa limetumwa miezi mingi kabla, kwenye barua pepe ambayo nilikuwa siifungui tena. Tuliyo nayo leo ni nakala moja ambayo binamu yetu aliihifadhi kwenye simu yake ya zamani, ndogo kama stempu. Ukijaribu kuikuza, sura ya mama inageuka kuwa vipande vya rangi.

Ndiyo maana naandika kwa urefu. Huduma ikitangaza kufungwa, wengi wetu tunaanza na hasira: tunaandika maoni marefu, tunasaini maombi, tunaapa kutotumia tena chochote cha kampuni ile. Hasira hiyo ni ya haki kabisa, maana tumeweka humo maisha yetu. Lakini mpangaji aliyepewa notisi hutoa vyombo kwanza, kesi na mwenye nyumba baadaye. Hatua hizi zinafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Hakikisha tangazo ni la kweli

Matapeli wanajua hofu yetu. Ujumbe unaosema "akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa" ni ndugu wa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Usibonyeze kiungo kilichomo. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya huduma, ingia kama kawaida. Kama kweli inafungwa, tangazo litakuwa humo humo, na vyombo vya habari vikubwa vitakuwa vimeandika. Kampuni inayofunga huduma kwa kawaida hutoa wiki au miezi, wala haiombi neno lako la siri kwa barua pepe.

Hatua ya 2: Soma tarehe zote, si moja

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangazo moja huwa na tarehe mpaka nne: siku ya mwisho ya kuweka vitu vipya, siku huduma inapoacha kufanya kazi, siku ya mwisho ya kupakua vitu vyako, na siku vinapofutwa kabisa. Wakati mwingine zinaachana kwa miezi, na mpangilio wake si ule unaoutegemea.

Chukua Skype, ambayo ndugu zetu wengi walio ughaibuni waliitumia kuongea na wazazi nyumbani. Microsoft ilitangaza tarehe 28 Februari 2025 kwamba huduma itafungwa 5 Mei 2025, yaani wiki tisa na siku chache. Aliyeingia Teams, programu nyingine ya Microsoft ya mazungumzo, kwa akaunti ile ile alikuta mazungumzo na majina yake yamehamia huko. Asiyetaka kuhamia alipewa nafasi ya kupakua historia yake mpaka Januari 2026. Hapo kupakua kuliendelea baada ya kufungwa.

Yahoo Groups, huduma ya makundi ya mazungumzo kwa barua pepe, ilikuwa kinyume. Ilitangazwa Oktoba 2019 kwamba kuanzia tarehe 28 ya mwezi huo huwezi kuweka kitu kipya kwenye tovuti, na kwamba tarehe 14 Desemba vyote vilivyokuwamo, yaani picha, mafaili na kumbukumbu za mazungumzo, vitaanza kufutwa. Lakini barua pepe za makundi ziliendelea kupita, na huduma yenyewe ilizimwa 15 Desemba 2020. Mtu aliyeshika tarehe hiyo ya mwisho peke yake, akaona kundi lake bado linatuma barua, alikuja kukuta ghala tupu mwaka mzima kabla ya mlango kufungwa.

Na tarehe husogea. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilitangazwa Oktoba 2018 kuwa itafungwa Agosti 2019. Desemba 2018 likagunduliwa kosa la pili la kiusalama, lililogusa taarifa za watu zaidi ya milioni 52, na Google ikarudisha tarehe nyuma. Ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida 2 Aprili 2019. Waliopanga kutumia likizo ya katikati ya mwaka kupakua vitu vyao walikuwa wamechelewa tayari.

Kwa hiyo andika tarehe zote kwenye karatasi, kisha jiwekee yako. Mimi najipa wiki mbili tangu siku ya tangazo, hata kama wamenipa mwaka. Siku za mwisho seva, yaani kompyuta za huduma hiyo, huelemewa na watu wote wanaopakua kwa pamoja, na ukikwama hapo hakuna wa kukujibu.

Hatua ya 3: Orodhesha ulichonacho humo

Kabla ya kupakua chochote, zunguka ndani ya akaunti na daftari mkononi. Picha na mafaili kila mtu anayakumbuka. Vinavyosahaulika ni orodha ya majina na namba, maelezo uliyoandika chini ya picha, maoni ya wengine, rasimu, ujumbe wa sauti, risiti. Salio pia: kama ulinunua vocha au dakika, soma sehemu inayohusu pesa na uombe kurudishiwa mapema, maana idara ya kurudisha pesa nayo hufungwa.

Andika idadi. "Picha 412, video 9, ujumbe tangu 2011." Namba hizi utazihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 4: Pakua

Ingia sehemu ya mipangilio, kisha akaunti au faragha, utafute palipoandikwa pakua data zako. Kwa huduma za Google kuna Google Takeout, iliyoanza 2011 na inayofanya kazi mpaka leo hata kama hakuna kinachofungwa. Unachagua unachotaka, unaomba, na baada ya dakika au siku kadhaa unaletewa kiungo kwenye barua pepe. Kiungo hicho kinadumu kwa takriban wiki moja, basi usiombe siku ambayo huna bando.

Takeout inakuuliza vifurushi viwe na ukubwa gani. Kwa mtandao wetu, chagua GB 1 au 2. Kifurushi cha GB 50 kikikatika kwenye asilimia 90 umepoteza bando lote, lakini vya GB 2 kikikatika kimoja unarudia hicho hicho.

Piga hesabu ya muda pia. GB 12 kwenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde zinahitaji karibu saa 7 bila kukatika. Hiyo ni kazi ya usiku: bando la usiku ni nafuu na mtandao haujajaa watu. Chomeka laptopu kwenye umeme, izuie isijizime, na kwenye diski acha nafasi mara mbili ya unachopakua, kwa sababu kufungua faili lililobanwa kunahitaji nafasi nyingine. Kama una simu tu, inawezekana, ila nenda kifurushi kimoja kimoja na ukihamishie kwenye kadi kabla ya kuanza kingine.

Ukienda saibakafe au steshenari, beba diski yako, na ukimaliza toka kwenye akaunti, futa folda la vilivyopakuliwa, kisha mwaga na kapu la taka la kompyuta. Nimeshakuta vyeti vya watu kwenye kompyuta za steshenari, vimekaa wazi kwa yeyote anayekaa kwenye kiti.

Huduma nyingine hazina kitufe cha kupakua. Hapo hifadhi ukurasa mmoja mmoja kama PDF kupitia amri ya kuchapa, au piga picha za skrini ukianza na vile ambavyo huwezi kuvipata kwingine. Kama ni kurasa zilizo wazi kwa umma, kwa mfano makala zako au tovuti ya biashara, ziingize kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa 1996 na Brewster Kahle kule San Francisco, huhifadhi nakala za kurasa za mtandao bure. Unabandika anwani ya ukurasa kwenye web.archive.org sehemu ya kuhifadhi, unasubiri, basi. Kumbuka kila mtu ataweza kuuona, kwa hiyo usipeleke huko mambo ya faragha.

Hatua ya 5: Fungua ulichopakua

Usiseme nimemaliza kwa sababu faili limeshuka. Lifungue. Hesabu picha na ulinganishe na namba ya kwenye daftari. Fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Video icheze mpaka mwisho wake, kwani faili lililokatika mara nyingi huanza vizuri.

Kwenye picha za Google utashangaa kukuta kila picha ina kifaili cha maandishi pembeni chenye mwisho wa .json. Watu wengi hukifuta wakidhani ni takataka. Ndani yake ndimo mlimo tarehe ya picha, mahali na maelezo uliyoandika. Tarehe inayoonyeshwa na kompyuta juu ya faili inaweza kuwa ya siku uliyopakua, ukajikuta harusi ya 2009 imefanyika Jumanne iliyopita. Acha vifaili hivyo mahali pake. Huduma ikikuuliza unataka muundo gani, HTML ni wa mtu kusoma na JSON ni wa programu nyingine kuingiza. Vikiwapo vyote viwili, chukua vyote viwili.

Kisha tengeneza nakala ya pili na uiweke nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Diski mbili ndani ya kabati moja zinaibwa pamoja na zinalowa pamoja. Fleshi ni ya kusafirishia, si ya kuhifadhia miaka.

Hatua ya 6: Kata minyororo

Swali la hatari kuliko yote: ni akaunti gani nyingine zinategemea hii? Kama kinachofungwa ni barua pepe, huenda ndiyo uliyojiandikishia benki, bodi ya mikopo, eCitizen kwa walio Kenya, au mfumo wa ajira. Siku utakaposahau neno la siri, kiungo cha kulibadilisha kitatumwa kwenye sanduku lisilokuwapo. Tafuta ndani ya barua pepe hiyo maneno kama "karibu", "thibitisha" na "akaunti yako", uone nani amekuwa akikuandikia, kisha badilisha anwani kwa kila mmoja. Angalia pia zile huduma ulizoingia kwa kubonyeza kitufe cha akaunti nyingine bila kuunda neno la siri. Hizo zipe neno la siri lake mapema.

Na wakati uko humo, tazama namba ya simu iliyoandikwa. Kama ni laini uliyoiacha, kampuni ya simu inaweza kuwa imeshampa mtu mwingine, na namba za uthibitisho zinamfikia yeye.

Hatua ya 7: Waambie wenzako

Kama ni kundi, liwe la waliosoma pamoja, la ukoo au la kusaidiana misibani, usidhani msimamizi ameona. Mtafute kwa simu. Katika kundi moja nililokuwamo, lililohifadhi miaka ya taarifa za michango ya misiba, kila mmoja alidhani mwenzake amepakua. Aliyetuokoa ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa na tabia ya kuchapa kila taarifa na kuitoboa matundu kwenye jalada. Tuliketi naye siku mbili tukizipiga picha karatasi zile, moja moja, kwenye meza yake ya chakula.

Chagueni watu wawili wa kupakua, wasiokaa nyumba moja, na mkubaliane mnahamia wapi kabla huduma haijazimwa. Kundi lililotawanyika bila anwani mpya ni vigumu kulikusanya tena. Tangazo la kuhama litume angalau mara tatu, kwa siku tofauti, maana wapo wanaoingia mara moja kwa mwezi.

Mwenye biashara ana mzigo wa ziada: kiungo cha zamani kimeandikwa kwenye kadi, kwenye bango la dukani, pengine na ubavuni mwa gari. Google ilipozima tovuti za bure za Business Profile, yaani wasifu wa biashara unaoonekana kwenye Google, Machi 2024, zile zilizoishia na business.site, iliendelea kuwaelekeza wageni kwenye wasifu wa biashara mpaka 10 Juni 2024 tu. Baada ya hapo kadi zote zilizochapwa zilielekeza pasipo na kitu. Tumia kipindi cha namna hiyo kuchapa upya.

Hatua ya 8: Sasa lalamika, na uombe kitu kinachowezekana

Malalamiko yanafanya kazi, ila si ya kila namna. Google ilipotangaza 13 Machi 2013 kwamba Google Reader, zana ya kusomea habari mpya za tovuti nyingi mahali pamoja, itafungwa, watu zaidi ya laki moja walisaini ombi la kuibakiza. Ilifungwa 1 Julai kama ilivyopangwa. Lakini wale wa Yahoo Groups walipopiga kelele kuhusu muda na ugumu wa kupakua, muda wa kuomba nakala uliongezwa kutoka 14 Desemba 2019 mpaka 31 Januari 2020. Na Januari 2022 Google ilipowaambia waliokuwa na G Suite ya bure ya zamani, yaani barua pepe na zana za ofisi za Google kwa anwani yako mwenyewe, kwamba wataanza kulipia, familia zilizotumia huduma ile kwa barua pepe za nyumbani zilieleza kwamba wao si kampuni. Kufikia Mei mwaka ule waliruhusiwa kubaki bure kwa matumizi binafsi.

Ninachokiona hapo ni hiki. Kampuni iliyokwisha kuamua kufunga ni nadra kurudi nyuma, lakini kuongeza wiki sita, kuweka kitufe cha kupakua, au kuelekeza viungo kwingine ni gharama ndogo kwao na ni kila kitu kwetu. Omba hayo. Barua iwe fupi:

"Natumia huduma yenu tangu 2012. Nina picha 3,400 na kundi la watu 85, wengi wao wazee. Zana ya kupakua inakatika kila baada ya GB 1 kwenye mtandao wetu. Naomba mambo mawili: vifurushi vidogo, na siku 60 zaidi. Nimeambatisha picha ya kosa linalotokea."

Tuma kwenye dawati lao la msaada, kisha weka maneno hayo hayo hadharani kwenye kurasa zao. Waombe wenzako kila mmoja aandike tatizo lake mwenyewe. Barua hamsini zinazofanana husomwa kama moja.

Kama hawakujibu na vilivyomo ni taarifa zako binafsi, sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaja haki ya kupewa data zako katika muundo unaoweza kuhamishika, na ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Walio Ulaya wana kanuni ya GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018. Kesi itachukua muda mrefu kuliko notisi yenyewe, lakini kutaja kifungu cha sheria kwenye barua huifanya ipelekwe meza nyingine.

Hatua ya 9: Pa kuhamia

Usikimbilie pa kwanza. Google Reader ilipotangazwa kufungwa, Feedly, huduma nyingine ya namna hiyo, ilisema imepokea watu zaidi ya 500,000 ndani ya saa 48, na huduma yoyote ikifurikiwa hivyo lazima iyumbe. Ukiwa umeshapakua, huna haraka.

Uliza mambo mawili. Nani analipia umeme wa seva hizi? Kama jibu halionekani popote, jua kwamba unakaa kwa hisani. La pili ni kama naweza kutoka: jaribu kupakua siku ya kwanza, ukiwa na picha kumi tu ndani. Mlango wa kutokea usipofunguka ukiwa na picha kumi, hautafunguka ukiwa na elfu kumi.

Kwa tovuti, nunua jina lako mwenyewe la anwani ya mtandaoni, hata kama kila kitu kingine ni cha bure. Na nasema kununua kwa makusudi. Majina ya bure yanayoishia na .ga yalitolewa kwa miaka kupitia kampuni ya Freenom, mpaka Gabon ilipoyarudisha mikononi mwake Juni 2023. Majina zaidi ya milioni 7 yakaondolewa. Mengi yalikuwa ya matapeli, lakini waliokuwa waaminifu waliondoka nao kwenye fagio lile lile.

Na usitegemee kwamba tangazo litakuja daima. Machi 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba katika kuhamisha seva ulipoteza vitu vilivyopandishwa kabla ya 2016, zikiwamo nyimbo zaidi ya milioni 50. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili, pamoja na picha na barua zilizomo. Kama marehemu mzazi wako alikuwa na akaunti na mnajua namna ya kuingia, pakueni sasa.

Halafu ile anwani ya barua pepe uliyoiacha zamani, ifungue leo hii. Kama unakumbuka neno la siri, ingia, na kwenye sehemu ya kutafuta andika "shutting down", kisha "closing", kisha "final notice". Soma kila kitakachotokea, ukianza na cha karibuni, na utazame tarehe.